Nimeokota unyoya mlangoni hapa Rau, Moshi. Ni njiwa wa jirani au njiwa pori?

Mama Wawili

Wakuu habari za asubuhi. Naombeni msaada kwa wanaojua ndege, maana hapa nyumbani jambo dogo limeshakuwa kesi.

Jana saa 12 na nusu asubuhi nimefungua mlango wa jikoni nikawashe jiko la mkaa kibarazani, nikakuta unyoya mmoja umelala pale chini, karibu na ndoo ya maji machafu. Wa kuku siyo. Kuku wangu ni wekundu watupu na jogoo ni mweupe. Dada wa kazi akaruka nyuma, "Mama usiguse, huo umetegwa." Mama mkwe yupo hapa toka Jumapili, kaja kliniki ya macho, naye akatia petroli kwenye moto: unyoya hauji mlangoni kwa miguu yake. Mimi nikauokota, nikaufuta kwa kanga, nikauweka juu ya friji. Tangu hapo hiyo friji haifunguliwi na mtu mwingine zaidi yangu.

Kamera ya simu yangu ilishakufa kwa hiyo nawaeleza kwa maneno. Nimeupima kwa rula ya mwanangu, sentimita 13. Upana kama kidole gumba, umezidi kidogo. Umenyooka. Chini kwenye kishikio una vinyoya laini kama sufi, halafu unaanza kijivu chenye ukahawia, ukienda mbele kuna mkanda mweusi ambao kingo zake hazijakatwa vizuri, kama wino uliomwagikia karatasi. Halafu ncha inarudi kuwa nyepesi, rangi ya majivu ya kuni. Haung'ai.

Jirani anafuga njiwa na mimi nina mparachichi mkubwa unaojaa njiwa pori. Nataka tu kujua ni wa nani ili watu wafungue friji.

Chalii wa Sakina

Tupia picha dada. Bila picha hapa tutapiga ramli kama mama mkwe.

Mtoto wa Kibosho

Huo ni wa tetere, yule mwenye mkufu mweusi nyuma ya shingo. Huku kwenye vihamba wamejaa, kila mgomba una wawili. Kesi imefungwa.

Mama Wawili

Asante kaka, lakini umejuaje? Mkufu uko shingoni, mimi ninao unyoya mmoja tu.

Mtoto wa Kibosho

Uzoefu.

Mzee Darubini

Dada, hayo maelezo yako ni bora kuliko picha nyingi ninazoletewa. Niko Arusha, nimeongoza wageni miaka mingi, na wageni wa ndege ndio wagumu. Simba hana ubishi, ukimwona umemwona. Hua, yaani hao njiwa pori, watu wanaweza kuwagombania gari zima.

Kabla ya kuuliza ni ndege gani, uliza ni unyoya wa wapi mwilini. Ulaze mezani. Wa bawa la kurukia umepinda kama jambia, na upande mmoja wa uti ni mwembamba sana kuliko wa pili. Ule mwembamba ndio unaotangulia kukata upepo. Wa mkia umenyooka. Ukiwa wa katikati ya mkia pande zake mbili zinalingana, na kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo upande wa nje unavyopungua. Wa kifuani ni mfupi, umejikunja kama kijiko, na nusu yake ni sufi tupu.

Wako umenyooka, una mkanda, una ncha ya rangi tofauti. Huo ni wa mkia. Sasa ni mkia wa nani.

Tuanze na njiwa wa jirani. Yule wa kufugwa mwenye rangi ya asili, kijivu cha kuelekea bluu, naye ana mkanda mweusi mkiani. Ila wake uko mwishoni kabisa, kama pindo la kanga. Wako uko katikati na ncha imerudi kuwa nyepesi. Kama njiwa wa jirani ni weupe au wa mabakabaka, wafugaji wameshawachanganya na mkia hausemi kitu, lakini kwa ulivyoeleza namtoa.

Tetere wa mkufu anaosema ndugu yangu wa Kibosho, manyoya yake ya pembeni ya mkia yana ncha nyeupe. Nyeupe ya chaki. Mfukuze barabarani uone: mkia ukifunguka unaona pembe mbili nyeupe zinakuaga. Yule mdogo wa mijini anayeita kama anacheka chini chini, asiye na mkufu ila ana madoadoa ya shaba na nyeusi kifuani, naye ana nyeupe nyingi pembeni ya mkia. Wewe hujataja nyeupe mahali popote.

Pugi, yule hua wa vichakani, ni mdogo mno, sentimita 20 mwili mzima toka mdomo hadi mkia. Unyoya wa sentimita 13 utakuwa zaidi ya nusu yake.

Anayebaki ni hua mkubwa mwenye jicho jekundu. Vitabuni ni Streptopelia semitorquata, anafika sentimita 30 na zaidi. Na yeye ana mkufu mweusi nyuma ya shingo, ndiyo maana watu wengi wanamwita jina la yule mwingine. Kwa kutofautisha hawa wawili mkufu haukusaidii kitu.

Nifanyie jambo moja. Pitisha kucha kwenye uti wa huo unyoya. Upande mmoja ni laini, upande wa pili utasikia kamfereji. Wenye mfereji ndio upande wa chini, unaotazama ardhi ndege akiruka. Uangalie huo uniambie rangi.

Mtoto wa Kibosho

Mzee na wewe umeegemea kitabu. Mimi nimekulia kwenye mibuni, manati mkononi tangu darasa la pili. Hao ni ndege mmoja, mkubwa ndiyo dume.

Mzee Darubini

Hapana mangi. Dume na jike wa hua hawa wanafanana, hata mimi na darubini yangu siwatenganishi kwa kuwatazama. Ni ndege wawili tofauti. Ungewasikiliza badala ya kuwalenga ungeshajua siku nyingi.

Chalii wa Sakina

Hahaha. Manati yamepatikana na hatia.

Mama Wawili

Nimetoka jikoni sasa hivi. Mfereji upo! Miaka yote nachinja kuku sikuwahi kujua unyoya una juu na chini.

Upande wa chini ni tofauti kabisa. Mweusi karibu wote kuanzia kwenye sufi, halafu kuna mstari umekatika vizuri, na ncha kama sentimita 4 ni kijivu cheupecheupe. Juu ile rangi imefifia, chini imekaa kama imepakwa mara mbili. Mama mkwe amesogea kuangalia. Hajagusa.

Mzee Darubini

Huyo ndiye. Ukimwona hua huyu akipita juu yako unaona hivyo hivyo: mkia mweusi, pindo pana la kijivu, hakuna nyeupe.

Baba Ngaramtoni

Mzee samahani, usifunge bado. Huku kwetu mlimani kuna hua mwingine, mweusi mweusi wa mwili, hana mkufu wa kuzunguka ila ana baka jeusi kila upande wa shingo. Mkia wake nao ni wa giza na ncha ya kijivu. Nimewahi kuokota manyoya yake shambani kwenye viazi. Kwa unyoya mmoja unamtenganishaje?

Mzee Darubini

Umenishika. Huyo ni hua wa milimani, Streptopelia lugens, na kwa unyoya mmoja wa mkia kwa maneno ya kwenye simu sithubutu kuapa. Mkononi ningeapa. Manyoya ya bawa yangekuwa rahisi, kwa sababu yeye ana kingo za rangi ya kutu mabawani ambazo yule mwingine hana.

Kinachonisimamisha ni mahali. Yule anapenda juu, kwenye ubaridi na misitu ya milimani, na Ngaramtoni mko kwenye miguu ya Meru. Rau iko mita 800 na kitu, bondeni, maji yanapita, miti mikubwa, joto. Hapo ni kwa mwenye jicho jekundu. Lakini umesema kweli, mkia peke yake haumalizi kesi.

Dada, kazi mbili tu zimebaki. Kesho alfajiri sikiliza. Tetere mwenye mkufu anaita mapigo matatu, la katikati zito: ku-KUU-ru, ku-KUU-ru, ku-KUU-ru, bila kuchoka, mpaka unatamani kumpa shilingi anyamaze. Huyu mkubwa anaita mapigo sita, mawili kwanza, kipumziko kifupi, halafu manne. Yule wa milimani sauti yake ni nzito ya kukoroma, taratibu, kama mzee anayeamshwa. Pili, mtazame jicho akishuka chini.

Tanga Raha

Mimi nawasikiliza tu mnavyogawa majina. Kwetu Tanga tetere ni yule mdogo wa madoadoa, hua ni mkubwa, pugi ni yule wa vichakani mwenye vito bawani, na ninga ni wa kijani anayekula tini. Huko bara mnasema "njiwa pori" halafu mnamaliza siku.

Baba Ngaramtoni

Huku tetere ni yeyote anayeita karibu na nyumba.

Mzee Darubini

Ndiyo maana nikaandika lile jina la Kilatini. Silipendi, lakini halihami mkoa.

Mwana Pasua

Nyie mnajadili mkia, mimi namwona supu. Hua wawili, ndimu, pilipili, umemaliza.

Baba Ngaramtoni

Hiyo supu ina sheria yake ndugu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali cha kuwinda. Kula kuku.

Mama Wawili

Wakuu nimerudi na majibu ya alfajiri.

Saa 11 na dakika 50 nimetoka na kikombe cha chai nikakaa kwenye ngazi. Giza bado, vyura bado wanapiga kelele upande wa mtoni. Wa kwanza kuita alikuwa jogoo wangu, akafuata adhana ya mbali, halafu kwenye mparachichi ikaanza. Nikahesabu kwa vidole kama Mzee alivyosema. Mbili, pumziko, nne. Mbili, pumziko, nne. Mwanangu wa kwanza aliamka akakaa pembeni yangu, akasikiliza, akasema, "Mama, anasema mi-mi, ni-ko-ha-pa." Na kweli ukishaisikia hivyo huwezi kuisikia vingine. Wa mapigo matatu naye yupo, lakini ng'ambo ya barabara, kwenye mikorosho ya zahanati.

Kulipopambazuka nikawamwagia kuku mahindi ya kuparaza nikatulia mlangoni. Hua mmoja akashuka, akasimama nje ya kundi kama mgeni asiyealikwa, halafu akaanza kudonoa. Alikuwa hatua tano toka nilipo. Mkubwa kuliko nilivyodhani. Kifua kina uwaridi wa mbali, paji la uso limepauka, mkufu mweusi upo. Jicho jekundu, na ngozi inayolizunguka nayo nyekundu, kama mtu aliyekesha msibani. Alipokunywa maji kwenye sahani ya kuku, kuku wanainua shingo kila funda, yeye aliingiza mdomo akafyonza moja kwa moja.

Mzee Darubini

Basi. Mkia, mapigo sita, jicho, mahali. Hata Baba Ngaramtoni atapiga saini.

Hiyo ya kufyonza ni ya njiwa na hua wote, umetazama vizuri.

Baba Ngaramtoni

Nimepiga.

Mtoto wa Kibosho

Nimesoma kimya kimya. Leo nimewasikiliza wa kwangu. Huku juu wanaita mapigo sita. Miaka thelathini nawaita jina la jirani yao. Haya.

Mama Wawili

Sasa wakuu kuna sehemu ya pili. Dada wa kazi ameuliza swali ambalo sina jibu: sawa ni hua, lakini unyoya wake umefikaje mlangoni, na kwa nini leo tena yapo matatu? Moja refu kama la kwanza, mawili ya kifuani yale ya kijiko. Hakuna damu. Mama mkwe ananitazama bila kusema kitu, na hiyo ni mbaya kuliko akisema.

Mwana Pasua

Paka wa jirani. Au supu ya mtu mwingine.

Mzee Darubini

Angalia vishikio. Ndege akipukutisha unyoya uliozeeka, unatoka mmoja mmoja, kwa zamu, na mwisho wa kishikio ni mviringo safi. Paka anauma: utakuta vishikio vimekatika au kupondeka, manyoya yameshikamana kwa mate. Kipanga anang'oa moja moja kwa mdomo, yanabaki mazima, ila utakuta rundo mahali pamoja, kwenye kisiki au chini ya tawi, siyo matatu.

Na ujue hua na njiwa manyoya yao yamekaa kwa kuazima. Akishtuka sana au akishikwa anayaachia, hasa ya mkia. Adui anabaki na mdomo uliojaa manyoya na mwenyewe ameshaondoka. Kwa hiyo manyoya matatu siyo lazima kuwe na maiti.

Mama Wawili

Vishikio vyote vizima, ncha safi, hakuna mate. Sasa nini kimemshtua mlangoni kwangu saa 12 asubuhi?

Fundi Vioo Majengo

Mama samahani naingilia, mimi ndege siwajui. Hapo juu ya hicho kibaraza kuna dirisha? La zamani au la alumini?

Mama Wawili

Lipo la jikoni. Tumebadilisha mwezi uliopita, tukaweka alumini na kile kioo cha giza ambacho ukiwa nje unajiona kama kwenye saluni.

Fundi Vioo Majengo

Na linatazamana na mparachichi?

Mama Wawili

Ndiyo.

Fundi Vioo Majengo

Basi mama usimtafute paka. Hivyo vioo nimefunga vingi mjini na wateja wananipigia kulalamika ndege wanajigonga. Wanaona mti ndani ya kioo. Kesho jua likiwa chini, simama pembeni, siyo mbele, uangalie kioo kwa ubavu.

Mzee Darubini

Fundi umenifundisha kazi yangu. Dada, njiwa na hua wana unga mwilini, manyoya yao fulani yanasagika kuwa poda nyeupe ya kuwakinga. Akigonga kioo anaacha chapa. Fanya alivyosema.

Mama Wawili

Wakuu.

Saa 1 na dakika 10, jua limetokea juu ya nyumba ya mwalimu. Nikasimama pembeni karibu na tenki. Mwanzoni niliona vumbi tu na alama za vidole vya mwanangu. Nikainama kidogo, na akatokea. Hua mzima, wa unga, kwenye kioo. Mabawa yamefunguka pande zote mbili, naweza kuhesabu manyoya ya kurukia moja moja kama vidole. Kifua ni doa la mviringo. Kichwa kimegeuka upande, na pale penye jicho kuna kaduara. Pembeni kuna chapa ya pili, imefifia, nusu bawa tu.

Nikawaita wote. Dada wa kazi ameleta mkono karibu na kioo kupima bawa, bila kugusa. Mama mkwe amevaa miwani mipya ya kliniki, ametazama muda mrefu, akasema, "Kumbe alikuwa anaingia ndani." Nikamwambia ndiyo, alidhani ni mparachichi.

Fundi, nafanyaje? Kioo nimeshalipia.

Fundi Vioo Majengo

Usikitoe. Chukua sabuni ya mche, kavu, uchore mistari ya kusimama kwa nje, kila sentimita 5. Kwa nje mama, ukichora ndani ule mti bado utaonekana. Mvua ikinyesha unarudia. Baadaye nitakuja na stika za mistari tuweke za kudumu. Kalenda moja katikati ya kioo haisaidii, wanapita pembeni yake.

Mzee Darubini

Na sahani ya kuku isogeze. Wanashuka hapo kunywa, wakishtuka wanaruka kuelekea wanapoona mti.

Mama Wawili

Mistari imechorwa, mwanangu ndiye aliyeshika rula, ile ile. Jikoni sasa kama jela, lakini siku ya nne leo sijaokota unyoya. Mi-mi-ni-ko-ha-pa bado yupo juu, na naona anabeba vijiti. Hicho kiota chake ukikitazama toka chini unaona anga. Mayai yatakaaje humo sijui.

Friji inafunguliwa. Unyoya haupo tena juu yake. Niliutafuta jana jioni nikamkuta mama mkwe sebuleni, macho amefumba, shingo ameilaza upande, anajisafishia sikio nao. Amesema wa kuku ni mgumu.